Filamu Iliyoanza na Maiti

Kwa miezi mitano, nikishachoka kuhariri video za harusi na matanga pale Keroka, nilikuwa naketi tena kuhariri filamu yangu ya uhalifu. Nilianza na maiti ya mwanamume kwenye shamba la chai, kisha nikarudi nyuma kuonyesha aliuawaje. Yaliyopita yote niliyatoa rangi, nikijiona fundi kwelikweli.

Nikaipeleka nyumbani Sironga, mama awe wa kwanza kuitazama. Haikuchukua muda akanishika mkono.

"Huyu si ameshakufa? Mbona anakunywa chai?"

"Mama, hapo tumerudi nyuma."

"Na hawa wengine wasio na rangi, nao wamekufa?"

Nikafoka kwamba haelewi sinema. Akainuka, akaenda kuchuma majani ya chai.

Lakini alielewa. Kwetu picha zisizo na rangi ni zile za ukutani, za wazee waliozikwa zamani. Na matangani maisha ya mtu husomwa kwa mpangilio: alizaliwa, akasoma, akaoa, akaugua, akafa. Nilikuwa nimerekodi matanga mengi mno, singeweza kusema sikujua.

Mwaka jana tulimzika mama. Nikapewa karatasi ya maisha yake niisome. Nilikuwa hoi, macho hayaoni herufi, nikaanza na asubuhi tuliyomkuta jikoni, chai yake imepoa. Kutoka hapo nikarudi nyuma.

Hakuna aliyenikatiza. Baadaye shangazi alinivuta kando, akaniuliza kwa upole mbona sikumwacha mama azaliwe kwanza.