Mtani Aliyemfungua Baba Kinywa

Daktari alitumia maneno laini, lakini nilimwelewa: uvimbe uliokuwa kooni kwa baba ungetolewa na angepona, ila sauti huenda isirudi. Baba aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeambiwa bei ya mchele imepanda. Mimi ndiye niliyetoka nje nikalia, kwa hasira zaidi kuliko huzuni. Mzee huyu alikuwa fundi wa ndege za kivita wakati wa vita vya Kagera, na hakuwahi kunisimulia hata siku moja ya vita hivyo. Nami ni mwalimu wa historia. Wanafunzi nawafundisha vita hivyo kwa kurasa chache za kitabu, kisha narudi nyumbani Mafiga kula ugali na mtu aliyekuwapo.

Zilibaki siku chache kabla ya upasuaji. Nikamketisha barazani, nikaweka simu juu ya stuli, nikaanza kurekodi, na kwa sauti yangu ya darasani nikamwomba aeleze alivyoshiriki.

"Tulikwenda, tukafanya kazi, tukarudi," akasema.

"Basi, baba?"

"Unataka nini tena, mama? Mengine ni ya jeshi."

Kesho yake nilimjia na maswali niliyoyapanga vizuri. Aliyajibu kwa ndiyo na hapana, akaomba chai. Nilimpa, lakini kikombe nilikitua kwa kishindo. Sauti ile ilikuwa inaondoka, na yeye anaibania kama ni ya mtu mwingine.

Jirani yetu ni mama wa Kinyamwezi anayeuza asali ya Tabora. Baba ni Mluguru wa Kinole, kwa hiyo hao ni watani, na miaka yote ya ujirani hawajawahi kuamkiana kwa adabu. Alasiri hiyo alikuja kumjulia hali mgonjwa, akaiona simu.

"Mnarekodi nini?"

Nikamwambia ni habari za vita.

"Vita gani? Huyu mtumwa wangu? Mwalimu, umedanganywa. Mluguru anajua kupanda mlima na kumenya ndizi. Ndege aliijulia wapi? Huyu alikuwa anafagia uwanja."

Baba akaweka kikombe chini. "Na ninyi mliozaliwa kubeba mizigo ya watu, mnajua nini?"

"Tunajua kufagia. Niambie, ufagio ulikuwa wa chelewa au wa majani?"

Nilitaka kumwambia akome, mgonjwa ni mgonjwa. Namshukuru Mungu nilisita, maana baba alikuwa ameshageuza kiti kumwelekea.

"Nilifagia, ndiyo," akasema. "Unajua kwa nini? Injini ile inavuta kila kitu. Ikimeza kokoto moja tu, ndege haifiki mwisho wa uwanja. Kila alfajiri tulijipanga mstari, mafundi wote, tukatembea tumeinama, tunaokota vijiwe kwa mkono."

Hapo kinywa chake kikafunguka. Alisimulia bati la ndege lilivyounguza viganja saa za mchana, na mvua walizojikinga chini ya mbawa. Alisimulia walivyozisikia ndege zikirudi kabla hazijaonekana, kila fundi akitega sikio kwa ile yake. Kulikuwa na rubani mmoja kijana ambaye kila akipanda alikuwa akimwambia baba, "Fundi, niwekee chai." Siku moja baba aliweka chai, ikapoa. Jioni akaimwaga, akaosha kikombe.

Mtani wake hakutania. Alijifunga upya khanga yake, akasema taratibu, "Endelea, mtumwa wangu." Baba akaendelea mpaka adhana ya magharibi.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Baba anakula, anatembea hadi sokoni na kurudi, na uvimbe umekwisha. Sauti haikurudi. Amebakiwa na mnong'ono ambao lazima umsogelee ndipo uusikie.

Juzi mtani alileta chupa ya asali. "Leo nitakutukana na hutanijibu," akatangaza kabla hajaketi. Baba akanionyesha simu kwa kidole. Nikaiwasha, na baraza ikajaa sauti yake ya zamani: na ninyi mliozaliwa kubeba mizigo ya watu, mnajua nini? Yule mama alicheka mpaka akafuta machozi. Nami nilicheka, kwa furaha tupu.

Tukaiacha iendelee. Ilipofika kwenye chai, baba akainua mkono. Nikasimamisha, nikamsogezea sikio.

"Hapo kuna jambo nililiruka," akanong'ona. "Siku ile yule rubani alinipa mkono kabla ya kupanda. Ulikuwa unatetemeka. Akasema, fundi, naogopa, usimwambie mtu. Nikamtunzia. Watu wakimtaja walisema hakujua hofu, nami nikanyamaza."

"Na sasa, baba?"

"Siku ya upasuaji, pale mlangoni, nilitetemeka vilevile. Nikamkumbuka. Mimi nililala tu kitandani nikasukumwa. Yeye alipanda ngazi kwa miguu yake." Akaigusa simu. "Watoto wako shuleni waambie hivyo. Aliogopa, akapanda."

Nilimwambia simu haitaushika mnong'ono ule, na kelele za mtaa hizi. Mtani akainuka bila kuombwa, akaenda kuzima redio kwake, akarudi akafunga na geti. Nikaisogeza simu hadi karibu na midomo ya baba, naye akaanza upya, tangu alfajiri ya siku ile.