Kumi na Nane ya Wapi?

Mke wangu alikuwa na saizi nyingi kuliko nguo. Simcheki kwa kuwa hayupo. Nilimwambia hivyo akiwa hai, na majibu nilipewa. Katika sanduku letu hapa Kibugu kulikuwa na sketi ya kumi na nne, gauni la kanisani la kumi na nane, blauzi yenye herufi L, sweta yenye X tatu zilizofuatana kama hesabu zilizokosewa, na koti moja zito lililoandikwa hamsini. Zote zilimtosha. Mwili ulikuwa mmoja.

Nilipomwoa kutoka kwao Kibirichia, nguo hazikuwa na namba. Kulikuwa na fundi aliyeweka cherehani kwenye veranda ya duka, utepe ukining'inia shingoni. Alimpima kifua, kiuno na nyonga, akashona, basi. Akiona utepe umesonga mbele tangu mara ya mwisho, alisema tu, "Mama, mwaka huu viazi vimekubali," kisha akaongeza kitambaa. Mke wangu hakukasirika hata siku moja. Fundi hakuwa amempa namba ya kwenda nayo nyumbani.

Halafu mitumba ikaja. Marobota yalifunguliwa sokoni Embu, wanawake wakayainamia kama watu wanaovuna, na kila nguo ikawa na namba ya nchi ilikotoka. Muuzaji mmoja alimweleza kwamba kumi na nne ya Amerika ndiyo kumi na nane ya Uingereza, na kwa Waitaliano ni hamsini. Mke wangu alifikiri kidogo.

"Basi mimi nitakuwa Mmarekani," akasema.

Tangu siku hiyo, akifua ile sketi ya kumi na nne, aliianika lebo ikitazama njia. Lile koti la Waitaliano lilianikwa nyuma ya jiko.

Namba hakuziamini, hata hivyo. Aliamini shingo. Wanawake wa soko letu huukunja ukanda wa sketi mara mbili na kuuzungusha shingoni. Ncha zikikutana nyuma, sketi itakaa kiunoni. Kipimo hicho kilisema kweli kwa miaka mingi. Baada ya mtoto wetu wa mwisho, kiuno kilienda zake na shingo ikabaki palepale, lakini mke wangu aliendelea kuitegemea shingo, na mimi niliendelea kusikia sketi zikilalamika Jumapili asubuhi.

Alikuwa na dada mmoja, mdogo wake, mkulima wa viazi huko Kibirichia. Hawa wawili walikuwa na ubishi ambao nilioa nikaukuta. Kila mmoja alisema mwenzake ndiye mnene. Mke wangu alimpa dada yake nguo, naye alizipokea akiguna.

"Hii itanipwaya, dada. Unajua mimi ni mdogo kidogo kuliko wewe."

"Peleka kwa fundi apunguze," mke wangu alimjibu.

Wiki iliyofuata shemeji alionekana kanisani na gauni lilelile, halijapunguzwa, na vifungo vimeshikana kwa imani tu.

Mimi nilijaribu kumnunulia mke wangu gauni mara moja. Nilikuwa nimekwenda Kangeta kwa shughuli za watu wengine, nikaona gauni zuri limetundikwa. Muuzaji akaniuliza, "Mama ni kama nani?" Huko kwetu ndivyo mwanamume anavyonunua nguo ya mke wake: anatafuta sokoni mwanamke anayefanana naye kwa mwili. Nikatazama huku na huku, nikamwonyesha mama mmoja aliyekuwa akinunua ndizi.

"Kama huyo," nikasema.

Yule mama alinisikia. "Mzee, unanipima kwa macho?" akauliza. "Mkeo anajua kwamba uko hapa unapima wanawake?"

Soko lote lilitaka kujua jibu langu. Nilinunua gauni bila kuomba kupunguziwa bei nikaondoka. Mke wangu alipolijaribu, halikupita mabegani, nikalazimika kumsimulia nilivyolipima. Hakuuliza bei. Aliuliza huyo mama wa ndizi anaonekana vipi.

Lakini kulikuwa na jambo moja la nguo ambalo hakulifanyia mzaha. Mama yake alipofariki, yeye na dada yake walikwenda kumvisha, wakakuta ameshavishwa. Kwa mbele gauni lilikuwa limekaa vizuri. Kwa nyuma lilikuwa limepasuliwa kwa makasi kutoka shingoni mpaka chini, ndipo likamwingia. Wahudumu wa mochari hufanya hivyo, si kwa ubaya. Mwili ukishakuwa mgumu, au ukiwa umevimba, ni shida kuuvisha. Mke wangu aliniambia baadaye, tukichuma chai, bila kusimamisha mikono.

"Mimi msinipasulie nguo mgongoni."

"Utajuaje?" nikamuuliza.

"Wewe utajua."

Nikamwahidi. Ahadi ya namna hiyo mtu huitoa akidhani kwamba yeye ndiye atakayetangulia.

Ugonjwa wake ulikuwa wa moyo, nao ulimvimbisha. Ulianza miguuni, ukapanda. Alipofariki, hakuna nguo katika lile sanduku ambayo ingemwingia bila makasi. Nililitoa gauni lake la kanisani, lile la kumi na nane la Waingereza, nikalipeleka mochari nikitumaini. Shemeji alikuwa amefika kutoka Kibirichia alfajiri, tukaenda pamoja.

Mhudumu alilinyosha gauni mbele yake, akatikisa kichwa. Alikuwa mtu mpole.

"Hili nitalazimika kulifungua nyuma, mzee."

"Hapana," nikasema. "Tutaleta lingine. Nimwambie wa duka ni saizi gani?"

"Namba sijui. Huwa naangalia mtu tu." Akamtazama shemeji, akamwelekezea kidevu kwa heshima. "Leteni linalomtosha huyu mama vizuri, hata limzidi kidogo. Litamtosha na marehemu. Na liwe la zipu nyuma, ndefu, ishuke mpaka chini ya kiuno."

Shemeji alijifunga leso upya. Kutoka pale mpaka mjini hakunisemesha.

Fundi wa kutushonea hakuwepo. Mazishi yalikuwa kesho yake, na mafundi wote niliowajua walikuwa wanashona sare za shule. Tukaingia duka la nguo mpya karibu na stendi. Shemeji alibaki mlangoni akitazama viatu vya watoto. Msichana wa duka akanijia, akaniita guka, yaani babu.

"Karibu, guka. Unataka saizi gani?"

"Kumi na nane."

"Kumi na nane ya wapi?"

"Ya mke wangu."

Alijizuia kucheka, nikamshukuru kimoyomoyo. Akanieleza kwamba nguo zake nyingi ni za China, chache za Uturuki, na namba hazisikizani. Akaleta gauni la kumi na nane la China, la bluu iliyokolea, mikono mirefu, zipu nyuma. Nikatoa lile la kanisani kwenye mfuko, tukayalaza juu ya meza, moja juu ya jingine. Namba ni ileile. Lile la China lilikuwa limelala ndani ya lile la kanisani kama mtoto kitandani kwa mama yake.

"Guka, tutakisia mpaka jioni," msichana akasema. "Kwani mwenyewe hawezi kuja ajaribu?"

"Hawezi."

"Ni mgonjwa?"

Ningeweza kusema ndiyo, tukaendelea. Sikuweza. "Alikuwa mgonjwa," nikasema.

Akaondoa mikono yake kwenye gauni, taratibu. "Pole sana, guka. Pole. Lakini nguo ya safari hiyo haijaribiwi hapa na mtu mwingine. Watu wakisikia, hakuna atakayeingia tena kwenye pazia lile la kujaribia."

Sikumlaumu. Hata kwetu mtu hawezi kumwomba mwenzake avae nguo ya marehemu. Wanasema unajiitia kifo. Nilisimama pale na magauni mawili ya saizi moja yasiyolingana, nikafikiria makasi.

Shemeji akaja kutoka mlangoni. "Leta hilo la bluu," akamwambia msichana. "Si hilo la mtoto. Kubwa."

"Ni lako, cucu?" akauliza, kama bibi anavyoitwa kwetu.

"Ni la mtu wa saizi yangu."

Msichana akanitazama, akamtazama, akaenda kuleta. Shemeji akaingia nyuma ya pazia. Kwa muda nilisikia kitambaa tu na pumzi.

"Shemeji," akaita kutoka ndani, "hili ni ngapi?"

Nikatazama kibandiko alichoniachia msichana. "Ishirini na mbili."

"Ya wapi?"

"China."

"Hawa Wachina," akasema. Kisha, "Lete linalofuata."

Nikampa la ishirini na nne kwa chini ya pazia. Lile aliloacha lilitoka kwa njia hiyohiyo, limekunjwa vizuri.

Alitoka amelivaa. Lilimkaa, na lilimzidi kidogo kiunoni, kama tulivyoambiwa. Akainua mikono, akaishusha, akageuka ili nione kama zipu inavuta. Halafu akaegemea ukuta, akanyoosha miguu pamoja, akakunja mikono kifuani na kufumba macho, kuona kama mabega yatabana mtu akiwa amelala hivyo. Msichana wa duka aligeuka akaanza kupanga vitundikio vya nguo ambavyo vilikuwa vimeshapangwa.

"Hayabani," shemeji akasema, bado amefumba macho. Kisha akayafungua. "Mimi ndiye niliyekuwa mnene. Tangu tukiwa wasichana. Mama alikata kitambaa changu kwanza, yeye akashonewa kilichobaki."

Nilianza kulikunja gauni la kanisani.

"Usininyamazie. Sema kwamba ulijua."

"Nilijua."

"Na yeye?"

"Yeye pia alijua. Zile nguo alizokupa alikuwa anazinunua kubwa makusudi. Nyingine hata hakuzivaa."

"Na akaniambia nipeleke kwa fundi apunguze."

"Alisema ukijua, utaacha kuzichukua."

Shemeji alilishika gauni pindo, akalitazama. "Ningeacha kweli," akasema. "Mshenzi yule." Akarudi nyuma ya pazia, akakaa humo muda mrefu kuliko unaohitajika kuvua gauni moja. Mimi na msichana tulizungumza habari za mvua.

Kesho yake asubuhi aliingia kumvisha pamoja na akina mama wawili wa kanisa letu. Mimi nilibaki nje kwenye benchi. Ndani nilisikia sauti yake, mara akimwambia mhudumu ashike hapa, mara akizungumza na dada yake kwa Kimeru, akimgombeza kwamba amekuwa mzito na hasaidii. Mmoja wa akina mama alicheka, akanyamaza ghafla, kisha wakacheka wote.

Shemeji akatoka akijifuta uso kwa leso.

"Limeingia?" nikauliza.

"Limeingia. Ila kwapani, mkono wa kulia, tumefumua mshono kidogo. Mshono tu, si kitambaa. Nimekuambia usije ukasikia kwa mtu."

"Na mgongo?"

"Njoo ushike mwenyewe."

Nikaingia. Alikuwa katika ile bluu, na ilimpendeza. Shemeji na mhudumu wakamwinua kidogo begani, nami nikapitisha mkono nyuma. Zipu ilikuwa imefungwa yote, kutoka chini ya kiuno mpaka shingoni, na kitambaa pande zote mbili kilikuwa kizima. Juu kabisa kulikuwa na kikulabu kidogo kilichosahaulika, kimeachwa wazi. Nilijaribu kukifunga. Vidole vyangu vimechuma chai maisha yote, vikulabu vya Wachina havivijui. Nikajaribu tena, nikashindwa.

"Toa mkono, shemeji," akasema, na akakifunga yeye.