Samaki Mweupe na Kinywaji Chake

Homa ilipomwachia mpishi, iliondoka na uwezo wake wa kunusa. Wifi yake, mwenye mgahawa, akamwambia kwa upole, "Pumzika, wifi. Nitakupa kazi ya kaunta."

"Kaunta sitaki. Nipe samaki."

Akachagua samaki wa nyama nyeupe, laini, asiyevumilia viungo vingi. Akamkalisha mumewe mezani, akamwonjesha kipande baada ya kipande, kila kimoja na kinywaji chake. Juisi ya embe ilimzidi samaki nguvu. Soda ya tangawizi ikamfunika kabisa. Alipoweka ndimu, giligilani na maji baridi ya tango, mume alivuta sahani karibu.

"Vipi?"

"Usinisemeshe, nakula."

Kesho yake mpishi alifunga aproni, akaingia jikoni bila kumwomba mtu ruhusa. Wifi alionja, akameza, akaanza kutafuta mtu mwingine wa kaunta.