Nilipaka hyaluronic acid kabla ya kujitambulisha ukweni, nikaenda nimejifunika kitenge cha mama mdogo

Wakuu, shikamooni wenye umri, na wengine habari za humu. Niko Kalemie, ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo. Haya yamenipata mwenyewe, na mke wangu anasoma begani ninapoandika, kwa hiyo hata kutia chumvi siwezi.

Nina sensitive skin tangu utoto. Nikinyoa ndevu leo, kesho shingo ni vipele vitupu.

Ilikuwa miaka ya vita. Watu wa Nyunzu walikuwa wanaingia mjini na magodoro kichwani, na kati yao alikuja Feza na mama yake. Ndugu yao mmoja mtaani kwetu akawapa chumba. Mimi natengeneza simu, Feza akaniletea yake imeingia maji. Mengine jazeni wenyewe.

Baadaye familia ikaamua kushuka Moba kwa boti, kwa jamaa zao. Kama sijajitambulisha Jumapili ya kabla ya boti na kukubaliwa, Feza anaondoka nao.

Na Mama Feza alikuwa ameshamkataa mchumba mmoja kwa sababu anajichubua. Alisema waziwazi kwamba mwanaume wa uso mwekundu hachukui mtoto wake.

Nikaona nisafishe uso kidogo, niende nikiwa mtu. Humu humu nilikuwa nimesoma uzi wa hyaluronic acid, ile serum ya kuipa ngozi unyevu, mnaisifia balaa. Nikaagiza kichupa Kigoma, kwa jamaa anayevuka na bidhaa.

Hapo ujinga ukaanza.

Kwetu ukijipaka lazima ung'ae. Ukitoka umepauka, majirani wanamuuliza mama yako kama mnalala njaa. Nikaweka matone, yakanywewa. Sioni mng'ao. Nikaongeza, yakanywewa tena. Nikasema yule jamaa wa Kigoma kaniuzia maji.

Nikamwaga nusu ya kichupa kiganjani, nikajipaka uso mkavu hadi masikioni, nikapanda pikipiki kwenda sokoni. Na ilikuwa kiangazi, upepo wa ziwa unakausha hata blanketi.

Kurudi, uso umebana, kucheka siwezi. Ningeachia hapo ningepona. Lakini nikawaza dawa ya ukavu si mafuta? Nikachukua yale ya menthol anayochulia mgongo baba mdogo. Hayo yaling'aa.

Wakuu, nililia.

Jumapili asubuhi uso umekuwa mwekundu, macho yamevimba, mashavu yanabanduka. Yaani mtu aliyejichubua hasa. Baba mdogo, Papa Kasongo, ndiye alikuwa msemaji wetu. Alinitazama weee, kisha akasema taratibu: "Tukikosa leo, boti inaenda naye. Jifunike, twende." Akanipa kitenge cha mke wake, cha maua ya njano.

Nikaingia ukweni nimejitanda kama bibi harusi. Nilipanga kusema nina malaria.

Mama Feza alipotokea mlangoni, hata malaria niliisahau. Nikageukia ukuta, kitenge hadi puani, nikakaa nimempa mgongo. Papa Kasongo anakohoa tu.

Kisha nikasikia Mama Feza analia.

Kumbe kwao mkwe mwanaume na mama mkwe hawatazamani usoni. Wakikutana mmoja anageuka, anapita nyuma ya nyumba, na kula pamoja ndiyo kabisa hapana. Vijana wengi wameshaacha. Mimi sikuwa hata najua.

"Nyunzu tuliacha nyumba, tuliacha mbuzi," akasema. "Nilizani na heshima ya bukwe tuliiacha kule. Leo mutoto wa Kalemie ananificha uso. Mumupatie Feza."

Wewe ungesema nini hapo? Machozi ya furaha na aibu yakaingia kwenye michubuko, yakawasha upya.

Wenzake wakashuka Moba, Feza akabaki. Nikaenda kwa nesi, akanigombeza, akaniambia niache kila kitu, ninawe maji tu na kupaka mafuta mepesi yasiyo na harufu. Uso ukarudi polepole.

Ila ukweli ulinikaa kooni. Mama mkwe alipokuja kututembelea baada ya harusi, nikamtuma Feza akamweleze yote. Mimi niko nyuma ya nyumba, sikio limebandikwa dirishani.

Mama akacheka hadi akaomba maji. Akasema alijua tangu siku ile kwamba naficha uso ulioungua, maana kitenge kiliteleza na masikio yangu yalikuwa mekundu kama nyanya.

Feza akamuuliza, sasa mbona ulilia?

Mama akamjibu:

"Tangu tukimbie, kila muntu ananiangalia mu macho, ananiuliza tuko bangapi, aandike mu karatasi. Bwana yako njo muntu wa kwanza kugeuka."

Nilikaa pale nyuma ya nyumba mpaka chai ikapoa. Hadi leo akija nampisha, na uso wangu hauna hata kipele.

Somo, wakuu: serum haikuumbwa kung'aa. Matone machache, uso ukiwa na unyevu, halafu cream nyepesi juu yake kufungia maji. Na wenye ngozi kama yangu jaribuni kwanza kidogo mkononi, siku ambayo hakuna anayewasubiri.

Wataalamu wa ngozi nirekebisheni. Na wewe uliyenyamaza huko nyuma, siku ya ukweni ulikuwa unaficha nini? Tuambie.