Kunyamaza kwa Muzdalifa

Mdogo wangu Junaid ana wivu, na silisemi hili kwa kumsengenya, maana mtaa mzima wa Mkunazini unalijua. Utotoni hakutaka mama ambebe mtoto wa jirani hata kwa dakika. Ukubwani akawa fundi wa friji na viyoyozi, hodari kweli, hoteli za Kendwa na Nungwi zinamgombania. Lakini akirudi mahali akakuta fundi mwengine kaigusa friji aliyoitengeneza yeye, hununa kama mke aliyeletewa mke mwenza.

Mtu huyo ndiye aliyemposa Muzdalifa, binti wa jirani yetu Bi Shemsa. Nyumba zetu zinatazamana, na kichochoro ni chembamba hata ukinyoosha ufagio dirishani unagonga dirisha lao. Posa ilipokubaliwa tu, Junaid alihamisha kitanda chake kutoka chumba cha nyuma akakileta cha mbele, ati anataka upepo. Upepo gani katika kichochoro kile? Alitaka kuona nani anabisha hodi kwa Bi Shemsa. Siku muuza samaki alipozidisha maneno pale mlangoni, Junaid hakula samaki.

Kisha Muzdalifa akachaguliwa upolisi. Alikuwa akiutaka tangu skuli, na barua ilipokuja alilia kwa furaha mikononi mwangu. Mwanafunzi wa polisi haolewi mpaka amalize kozi, kwa hiyo Junaid akaombwa angoje. Alikubali kwa mdomo, roho haikukubali. Kila akimpigia simu huko kozi ilikuwa nani anakaa mbele yako, nani anakaa nyuma yako, na huyo aliyekohoa ni nani. Muzdalifa akamweleza waliyosomeshwa, kwamba mwanamke hupekuliwa na mwanamke mwenzake, tena kwa staha. Junaid alifurahi sana, nadhani ndiyo sheria pekee aliyopata kuipenda. Halafu akafikiri kidogo, akauliza, "Na mwanamme, anapekuliwa na nani?"

Sikukuu ilipoingia, Muzdalifa alipewa ruhusa akarudi nyumbani, na mtihani ukimngoja. Akanigeuza mimi mhalifu wake. Nikivuka tu kwenda kuazima mbuzi ya kukunia nazi, ananiita uani.

"Wifi Mwatum, njoo nikukamate."

Akinigusa bega, taratibu, bila kunivuta. "Nnakukamata kwa tuhuma ya kuiba kuku wa Bi Shemsa."

"Nna manyoya mimi mkononi?"

"Manyoya baadaye. Kwanza lazima uambiwe unakamatiwa nini, mtu hakokotwi tu kama mbuzi. Na mpaka mahakama iseme, wewe ni mtuhumiwa, si mwizi." Kisha alisimama wima, akabadilisha sauti. "Nnakuonya kwamba hulazimiki kusema kitu. Lakini ukisema, maneno yako yataandikwa, na yanaweza kutolewa ushahidi."

"Na nikinyamaza?"

"Umenyamaza tu, wifi. Kunyamaza si kukiri."

Nililipenda neno lile. Nyumbani kwetu ukichelewa kujibu, kuku keshakuwa tumboni mwako.

Mimi nilikuwa nikichoka, nna watoto na jiko. Ndipo Muzdalifa akawa anafanya mazoezi kwa simu na mwenzake wa kozi, kijana wa Makunduchi anaitwa Mansour. Mmoja anakuwa askari, mmoja mtuhumiwa, kisha wanabadilishana. Walikuwa wakizungumza kwa sauti, simu imewekwa juu ya kinu pale uani, Bi Shemsa anamenya ndizi, mimi nnachambua mchele. Hapakuwa na siri hata ya kujaza kijiko.

Junaid alirudi kutoka Kendwa mapema siku ile. Alikuja moja kwa moja, na mkoba wake wa vyombo vya kazi begani, akasimama mlangoni. Sisi hatukumwona. Mansour ndiye aliyekuwa mtuhumiwa, na ni kijana wa mzaha.

"Afande, nshachoka kukimbia," alikuwa akisema. "Mimi ni wako, nipeleke utakako."

Muzdalifa alikuwa akicheka. "Tulia basi. Hulazimiki kusema kitu."

Junaid aliingia bila hodi. Katika nyumba ya watu, uani kwa wanawake, bila hodi. Akaichukua simu pale juu ya kinu, akaikata.

"Nani huyu?"

"Mansour, mwenzangu wa kozi," alijibu Muzdalifa. "Tunasoma."

"Masomo gani ya kuambiwa mimi ni wako?" Akaanza kuifungua ile simu, anatafuta maneno.

"Simu ya mtu haipekuliwi hivyo, Junaid. Hati yako ya upekuzi iko wapi?"

"Hati yangu posa. Una nini na yeye?"

Muzdalifa alimtazama, akanyamaza. Junaid akamuuliza tena, sauti imepanda, akamuuliza tena. Bi Shemsa akasema, "Mwanangu, tulikuwepo hapa sote." Mimi nikamwambia aache upuuzi. Hakutusikia hata mmoja. Muzdalifa alikuwa amekaza midomo tu, macho yamemjaa maji.

"Umenyamaza," alisema Junaid. "Basi umekiri."

Muzdalifa alinyoosha mkono kutaka simu yake, akapewa, akapanda juu. Nilimvuta Junaid mpaka kwetu, nikamsema hadi koo likanikauka. Yeye alikuwa na jibu moja tu. "Asiye na kitu husema, dada."

"Na aliyeulizwa upumbavu?"

Akaondoka akaenda barazani kwa wenzake. Ningemfungia ndani ningefanya la maana, lakini nani angejua? Huko aliulizwa mbona uso umemuiva, naye akasema, "Muzdalifa kakiri." Hakusema, "Nimemuuliza akanuna." Hakusema, "Hakunijibu." Alisema kakiri, na mtaa wetu neno kama hilo hauliachi likapoa. Lilifika Darajani sokoni, na lilipofika Bububu lilikuwa limeshapata mikono na miguu, kwamba Junaid kawafumania. Bi Shemsa alilisikia la nyumbani kwake mwenyewe kutoka kwa muuza ndimu, aliyempa pole.

Mtu mwenye haya angekwenda kuomba radhi. Mdogo wangu alikuja na dawa. Nikaha isomwe Ijumaa, Muzdalifa aache kozi, akae ndani, na maneno yatakufa. Kawasha moto mwenyewe, sasa anauza maji. Na nilimwona alivyokuwa akilisema hilo, jicho linamng'aa. Hakuhuzunika kwamba mchumba wake kachafuliwa jina. Alikuwa amepata njia ya kumtoa katika lile darasa lenye wanaume, na hilo ndilo lililomlaza usingizi.

Babake Muzdalifa ni marehemu, kwa hiyo walii wake wa kumuozesha ni ami yake, Mzee Nahodha wa Bububu. Mzee yule si mbaya, ila haoni tabu yoyote isiyotibika kwa ndoa. Alikubali. Muzdalifa hakuambiwa mpaka mambo yameshapangwa, na alipoambiwa hakusema kitu, alikwenda akakunja sare zake.

Ijumaa baada ya alasiri wanaume walikaa sebuleni kwa Bi Shemsa, Junaid katikati yao na kanzu mpya. Sisi wanawake tulikuwa juu. Mzee Nahodha akapanda na mashahidi wake, wakakaa nje ya pazia la chumba, kama desturi.

"Mwanangu Muzdalifa," aliita, "Junaid anataka kukuoa leo, na kozi utaiacha. Umeridhia nikuozeshe?"

Mwanamwali huulizwa hivyo, naye kwa kuona haya hunyamaza, na kunyamaza kwake huhesabiwa ndiyo. Ndivyo nilivyoolewa mimi. Niliinamisha kichwa, na nilipokiinua nilikuwa nna mume. Muzdalifa naye alinyamaza. Tulisikia saa ya ukutani.

"Alhamdulillahi," alisema mzee. "Kunyamaza kwake ndiyo ridhaa yake." Tukasikia akiinuka. Shangazi mmoja akaanza kigelegele.

"Ami."

"Naam, mwanangu."

"Sijajibu."

Kigelegele kilikatika.

"Juzi nilinyamaza, ami, kwa sababu nikimjibu la Mansour, kesho angeniuliza la muuza samaki, na kesho kutwa la imamu. Wakasema nimekiri. Leo nimenyamaza kwa sababu nilikuwa najizuia nisilie, mnasema nimekubali. Basi mdomo huu nimepewa wa kulia wali tu?"

Mzee Nahodha alikaa tena, tulilisikia kochi. "Haya, sema," akasema polepole. "Mashahidi wapo."

"Nilikuwa nampenda. Angengoja, ningekuja mwenyewe. Sasa simtaki, na nnarudi kozi."

Bi Shemsa alijifunika uso na kanga akalia, lakini hakumkanya. Mzee akasema kuwa hawezi kumuozesha mtu kwa nguvu, Mungu atamuuliza. Akaniita mimi. "Mwatum, wewe ni dada yake. Tangulia ukamwambie kwa upole, kabla sijashuka nikamwambia mbele ya watu."

Nilishuka ngazi. Nilikuwa na hasira naye, wallahi, nilishaandaa maneno ya kumchoma. Kisha nikamwona. Kofia ameivaa upande kidogo kama alivyokuwa akiivaa marehemu baba, mikono kaiweka juu ya magoti, anautazama mlango. Alisimama akaja, akaniinamia ili wengine wasisikie.

"Dada, kasemaje?"

Nilifungua mdomo, hakikutoka kitu. Nikainamisha kichwa nisimtazame.

Junaid alingoja kidogo. Kisha nikasikia pumzi zake zikishuka, na nilipoinua macho uso wake ulikuwa umefunguka wote, hauna wivu hata chembe, sijapata kumwona hivyo tangu azaliwe. Akawageukia wanaume.

"Kakubali," akasema, na wao wakasimama kumpa mkono.