Mzigo wa Mama wa Darajani

Tulipowaambia majirani kwamba tunakwenda Nairobi, swali la kwanza lilikuwa nani anaumwa. La pili lilikuwa nani amefariki. Huku kwetu Mamba, juu katika milima ya Upare, mtu wa umri wetu havuki mpaka wa nchi bila sababu ya namna hiyo.

Mke wangu aliwajibu wote jibu moja. Hakuna mgonjwa wala msiba. Tunakwenda kutalii.

Jirani mmoja, mzee wa kanisa, alilirudia neno hilo kama mtu anayeonja chumvi kwenye mboga. "Kutalii. Mtafikia kwa nani?"

"Nyumba ya wageni, baba," mke wangu alisema.

"Kwa hiyo hamna mtu huko."

"Hatuna."

Mzee alisema atatuombea, na Jumapili kweli alituombea. Tulitajwa baada ya wagonjwa.

Nilijivunia safari hiyo kabla hata ya kuanza, na sioni sababu ya kuficha. Maisha yangu yote nimewaona watalii wakishuka Same, wamevaa kofia pana, wakiuliza gari la kwenda hifadhi ya Mkomazi. Sikuwahi kuwaonea wivu kwa sababu ya wanyama. Wanyama hao wanakula mahindi ya ndugu zangu wa tambarare. Niliwaonea wivu kwa kuwa walikuwa wamefika mahali pasipo na mtu wao, kwa hiari yao, kwa ajili ya kutazama tu.

Shule niliishia darasa la saba. Umeme wa sola nilijifunza kutoka kwenye vijitabu vinavyokuja ndani ya maboksi, na Kiingereza cha vijitabu hivyo nilijifunza kwa kamusi, neno moja baada ya jingine. Leo kuna mapaa mengi hapa kijijini yenye paneli nilizofunga kwa mikono yangu. Mtu aliyejifunza kwa njia hiyo hawezi kuanza jambo bila kulisoma kwanza. Kwa hiyo, miezi minne kabla ya safari, nilifungua daftari dogo jipya, nikaanza kuuliza watu namna ya kukaa salama katika jiji la ugenini.

Mwalimu wangu wa kwanza alikuwa dereva wa lori ambaye hupakia jasi kule Makanya na ameshafika Nairobi mara nyingi. Nilimkuta kivulini chini ya lori lake, amelala juu ya kipande cha boksi.

"Mwizi wa kule hakupori," alisema bila kuinuka. "Anaongea na wewe. Akikusalimia vizuri sana, shika begi lako."

"Na nikipata matatizo?"

"Usikimbie. Nairobi anayekimbia ni mwizi, hata kama anawahi basi."

Niliandika yote mawili. Mwalimu wa pili alikuwa mama anayepeleka tangawizi hadi soko la huko. Yeye alinifundisha kutosimama katikati ya njia kusoma vibao, na kwamba mwenye njaa asiingie mjini kwa sababu mtu mwenye njaa hafikiri. Kanuni nyingine nilizitunga mwenyewe. Niliyoipenda zaidi ilikuwa ya kutembea: mimi mbele, mke wangu hatua tano nyuma, ili macho yake yalinde mifuko yangu, na macho yangu yatafute njia.

Tulifanya mazoezi Same mjini, siku ya soko. Nilipita kati ya mabanda ya nguo, nikakunja kona kuelekea stendi ya mabasi, nikavuka barabara kuu, na yeye akanifuata kwa hatua tano bila kusema neno. Tulizunguka hivyo mara tatu. Mzunguko wa tatu, shemeji yangu, anayeuza vitunguu pale, alimsimamisha mke wangu.

"Amekufanya nini?"

"Nani?"

"Huyo. Naona mmenuniana tangu asubuhi."

"Hatujanuniana. Tunajifunza kutembea Nairobi."

Shemeji alimtazama, kisha akanitazama mimi niliyesimama hatua tano mbele nikisubiri. "Basi mwambie atembee haraka kidogo," alisema. "Mwizi atachoka kumngoja."

Tuliondoka tukiwa na pasi zetu na kadi za chanjo ya homa ya manjano. Namanga walitugongea mihuri bila maswali mengi. Ofisa aliuliza sababu ya safari, na mke wangu aliwahi kujibu kabla yangu: "Watalii." Alilitamka vizuri.

Siku mbili za kwanza mambo yalikwenda kama nilivyoyaandika. Tuliona stesheni ya reli. Tuliona jengo la makumbusho, na mke wangu alisimama muda mrefu mbele ya vyungu vya zamani, akasema bibi yake alifinyanga vizuri zaidi. Tulipanda juu ya jengo refu tukaona jiji lote, na hakuna aliyetugusa wala kutuuliza kitu. Usiku wa pili nilifunga daftari nikijiona mtu mwenye akili. Nilikuwa nimejiandaa kwa kila namna ya kuibiwa.

Siku ya tatu, saa kumi na moja jioni, tulifika kwenye daraja la waenda kwa miguu linalovuka barabara pana. Ngazi zake ni ndefu. Mbele yangu alikuwa anapanda mama mmoja mtu mzima, wa umri wa mama yangu, na begani ana mfuko mkubwa wa sandarusi. Kila baada ya ngazi tatu alisimama. Watu walimpita kulia na kushoto.

Hapa lazima nieleze jambo ambalo kwetu halihitaji kuelezwa. Mlimani, ukimkuta mtu mzima anapandisha na mzigo, unampokea. Wala huulizi. Ukimuuliza, heshima itamlazimu akujibu kwamba hajachoka, na utakuwa umemnyima msaada kwa adabu yako. Unafika nyuma yake, unatia mkono wa kushoto chini ya mzigo na wa kulia juu, unainua. Yeye anahisi uzito umeondoka, anaachia, na mnaendelea. Salamu zinakuja baadaye. Nilianza kufanya hivyo kabla sijajua kusoma, na mikono yangu haijawahi kungoja ruhusa ya kichwa.

Niliinua ule mfuko.

"Mwizi," mama yule alisema, kwanza kwa sauti ya kushangaa tu. Kisha akapaza sauti. "Mwizi! Ananinyang'anya!"

Ngazi zote zilisimama. Mwanamume mmoja mwenye kofia ngumu ya pikipiki alinishika ukosi wa shati kutoka juu, na mwingine akaziba njia chini. Nilihesabu watu saba, kisha nikaacha kuhesabu kwa sababu wengine walikuwa wanashuka kutoka darajani wakikimbia.

Nilijua vizuri nilichokuwa nakabili. Kundi la watu likishaamini, halisikilizi; hata kwetu imewahi kutokea hivyo kwa watu wasiokuwa na hatia. Mwili wangu ulitaka kuruka ukingo wa ngazi. Nilikumbuka maneno ya dereva, nikaushusha mfuko taratibu miguuni pa yule mama, na nikakaa chini juu ya ngazi, mikono yote miwili juu ya magoti, mahali inapoonekana.

"Samahani, mama," nilisema. "Nilikuwa nataka kukusaidia tu."

"Msikieni anavyoongea," alisema mwenye kofia. "Hawa wenye Kiswahili kitamu ndio wabaya."

"Buda, unaenda wapi na mali ya mathe?" aliuliza mwingine kwa Kiswahili cha vijana wa kule, mathe akiwa ni yule mama, na mtu fulani nyuma yangu akanisukuma bega kwa goti.

Ndipo mke wangu akafika. Hatua tano si mbali, lakini watu walikuwa wameshazijaza. Alipita katikati yao akisema "naomba njia, naomba njia," kwa sauti ile ile anayoitumia kanisani wakati wa sadaka. Hakunitazama mimi. Alimwendea yule mama, akapiga goti.

"Shikamoo, mama."

Mama yule alikuwa bado anahema. "Marahaba," alisema.

"Huyu ni mume wangu. Kwetu mama kama wewe habebi mzigo ngazini wakati mtu wa umri wake ana mikono mitupu. Amekosea kutokuuliza."

"Hata wezi wana wake," mama alisema.

Watu wawili walicheka. Wenye hasira hawakucheka.

"Kweli wanao," mke wangu alisema. "Lakini huyu anaogopa wezi kuliko wewe. Ngoja nikusomee." Akanyoosha mkono, akachomoa daftari kwenye mfuko wa shati langu, akafungua ukurasa wa kwanza, akasoma kwa sauti, polepole, kama anasoma somo la Jumapili. "'Kanuni za usalama Nairobi. Moja. Anayekusalimia vizuri sana, shika begi lako. Mbili. Usikimbie kwa sababu yoyote. Tatu. Mke atembee hatua tano nyuma, aangalie mifuko. Nne. Usimwachie mtu usiyemjua mzigo wako, hata akisema anataka kukusaidia.'"

Mama wa mfuko alinyoosha kidole kwenye daftari.

"Hiyo ya nne," alisema, "ndiyo mimi nimefuata."

Safari hii hata mwenye kofia alicheka, na mkono wake ukalegea kwenye ukosi wangu. "Ameandika kanuni zote hizo halafu amefanya hii," aliwaambia wenzake. "Mzee, mnatoka wapi?"

"Tanzania. Upareni."

"Si ndio. Hapa kwetu ukitaka kubeba kitu cha mtu unauliza kwanza. Ungechomwa bure."

"Nimeelewa," nilisema, na nilikuwa nimeelewa kuliko alivyodhani.

Watu walianza kuondoka, kila mmoja na safari yake. Nilibaki nimekaa pale ngazini. Niliona mke wangu akifunga daftari na kulirudisha mfukoni mwangu. Nimeishi naye miaka mingi. Namjua kama mkulima wa tangawizi na mama wa watoto wetu, mtu asiyependa kusema mbele za watu. Jioni ile alisimama mbele ya umati wa jiji la ugenini na kuutuliza kwa goti moja na ukurasa mmoja wa mwandiko wangu mbaya. Nikifa leo, naomba hilo lisemwe kumhusu.

Kisha nilisimama, nikamgeukia mama yule, nikauliza. "Mama, naomba nikubebee mzigo."

Alinitazama kuanzia viatu. "Ndani ni viatu vya mitumba," alisema. "Ndio mtaji wangu wote. Utabeba, lakini utatangulia nikuone. Na huyu atabaki na mimi." Akamshika mke wangu kifundo cha mkono, akamshikilia imara, kama mtu aliyeshika rehani.

Tulipanda hivyo. Mfuko ulikuwa mzito kuliko nilivyotegemea. Nyuma yangu niliwasikia wakiongea, kwanza kuhusu bei ya viatu, kisha kuhusu magoti. Upande wa pili wa daraja, kwenye kituo cha mabasi, niliuweka chini pale aliponielekeza. Hakunishukuru mimi. Alimshukuru mke wangu. Kisha akauliza, "Kesho mtapita hapa saa ngapi?"

Mpango wa kesho ulikuwa bustani ya wanyama, upande mwingine kabisa wa jiji. "Saa kumi na moja," mke wangu alisema.

Tulikwenda bustanini, tukarudi mbio, tukakosa njia mara moja, na tulifika chini ya ngazi saa kumi na moja na robo. Mama alikuwa amekaa juu ya mfuko wake, ameegemea ukuta, watu wakimpita.

"Mmechelewa," alisema.

"Tulikosea barabara, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Kuna mtu amekuja akataka kunibebea, nikamkatalia." Aliinuka, akaupangusa mfuko vumbi kwa kiganja. "Nimemwambia mzigo huu una mtu wake."

Kisha akaanza kupanda ngazi pamoja na mke wangu, akaniacha nyuma nikiuinua.