Nilipoichagua Ndege Nyeupe

Iko siku moja, mwanangu, ambayo nikikaa kimya hunijia yenyewe, bila kuitwa. Jana uliponionyesha kwenye simu yako zile picha za ndege ndogo za viti viwili, ukaniambia unatafuta yenye kasi kuliko zote ili uzunguke nayo nchi nzima, sikukujibu. Ulidhani sijasikia. Nilisikia. Nilikuwa nimerudi miaka ile ya wakimbizi, nilipokuwa kijana kama wewe, fundi wa ndege hapa Kigoma, na mtu aliniamini akaniambia nichague.

Mtu huyo alikuwa Daktari Yona, mzaliwa wa Kasulu, daktari wa upasuaji aliyejifunza urubani akiwa masomoni ng'ambo. Wakati huo watu kutoka Burundi na Kongo walikuwa wamejaa mkoa mzima, na yeye alizizungukia kambi kwa gari mpaka mgongo ukamkataa. Hospitali yake ikapata msaada wa kununua ndege moja ndogo. Yeye hakuwa na nafasi ya kwenda kuitafuta, akanituma mimi Arusha, kwa mzee aliyeitwa Fundi Elia, ambaye aliunda ndege kwa mikono yake katika banda nyuma ya nyumba. Ndege za namna hiyo huandikwa kwenye vyeti vyake kuwa ni za majaribio, kwa kuwa hazikutoka kiwandani.

Alikuwa nazo mbili, zote za viti viwili. Moja ya njano, mabawa juu, magurudumu manene, mwendo wa kawaida. Ya pili nyeupe. Sijui nikuelezeje, mwanangu. Bawa jembamba limekaa chini, mwili laini kama yai, vigurudumu vidogo vimefunikwa visishike upepo. Fundi Elia alinirusha kwa zote mbili. Ya njano ilinguruma na kutikisika. Ile nyeupe iliteleza. Mashamba yalipita chini yetu kama kitambaa kinachovutwa taratibu, mlima ukasogea, ukabaki nyuma, nami nikajiona sina uzito wala jina.

Tulipotua akaniuliza, "Huko kwenu mtakuwa mnatua wapi?"

"Viwanja vipo," nikamjibu.

"Vya namna gani? Mvua ikinyesha vinakuwaje?"

"Vizuri tu, mzee."

Nilizaliwa Ujiji, nikakulia katika matope ya mkoa huu. Nilijua kabisa kwamba viwanja vya kambini ni majani na udongo mwekundu. Nilijibu vile kwa kuogopa kwamba nikisema kweli atanipa ya njano.

Nyeupe ikaja Kigoma, na kiangazi chote tukaishi kama ndotoni. Tuliruka asubuhi kutoka Kigoma, ziwa likiwa limelala bila mkunjo, milima ya Kongo ng'ambo ikiwa rangi ya moshi. Daktari akigeuza ndege, Mwandiga inapita, Kidahwe inapita, na kabla sijamaliza wimbo niliokuwa nauimba kimoyomoyo, naona turubai za bluu za kambi zikimetameta bondeni. Watu wa mjini waliisifia ndege ile, nami nikavaa sifa hizo kama shati jipya.

Mvua za Novemba zikaja. Zilikuwa zimenyesha siku nne mfululizo pale zahanati ya kambi ilipopiga simu ya upepo: mama mmoja amejifungua, damu haikatiki. Daktari akawasha ndege, mimi nikakaa kiti cha pili na sanduku la damu mapajani. Baridi ya barafu ilipenya suruali yangu njia nzima.

Tulipofika, mvua ilikuwa imepumzika, jua limetoka, uwanja unang'aa. Daktari alishuka, magurudumu yakagusa. Tope likayadaka. Pua ya ndege ikainama, panga linalozunguka mbele likabakiza shubiri moja tu kugusa udongo, naye akaongeza moto wa injini tukapaa tena, kioo kizima chekundu. Akajaribu mara ya pili, akaacha kabla hajagusa. Mara ya tatu tulizunguka tu. Chini yetu watu walisimama pembeni ya uwanja wameinua mikono, nami nikawaona mmoja mmoja, hata rangi za kanga zao.

"Hatuwezi," akasema Daktari. Akageuza pua kurudi Kigoma.

Damu ilipelekwa kwa lori. Lori lilikwama njiani, likafika siku ya pili. Mama yule, jina lake Spesiyoza, hakuwepo tena. Mtoto alipona.

Wiki chache baadaye nilikwenda kambini na lori la dawa. Mzee mmoja alikuwa amekaa nje ya zahanati, mtoto mchanga kifuani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwana wanje," akaitika, yaani mwanangu kwa Kirundi chake. "Wewe ni wa ile ndege nyeupe?"

"Ndiyo, mzee."

"Mimi naitwa Bukuru. Spesiyoza alikuwa binti yangu." Akamfunika mtoto vizuri. "Siku ile tuliwaona. Ndege nzuri sana. Mlipozunguka mara ya tatu, tulidhani mnatusalimia."

Nikakaa chini kwenye tope.

"Nani aliyeichagua?" akauliza, bila ukali.

Ningeweza kumtaja Daktari. "Ni mimi, mzee. Niliulizwa kuhusu viwanja vyenu, nikadanganya. Niliipenda."

Alimhamishia mtoto bega la pili. Halafu akaniambia, "Uliipenda ukiwa juu. Sisi tuko chini, mwana wanje. Nenda ukamwambie mkubwa wako hayo uliyoniambia."

Nikaenda, nikamwambia. Daktari Yona alinisikiliza amesimama, akaniuliza kama bado naweza kushika nyundo. Ndege nyeupe ikauzwa. Ya njano ilikuwa imekwisha kupata mnunuzi, hivyo nilikaa Arusha miezi mingi nikimsaidia Fundi Elia kuunda nyingine ya aina ile, nikipiga ribiti za kuungia mabati mpaka viganja vikachubuka. Masika yale wagonjwa waliendelea kusafirishwa kwa barabara, na si wote waliofika. Hilo sikufichi.

Mvua zilizofuata tulitua kambini na ndege mpya, tope likiruka mpaka kwenye mabawa, ikaenda ikasimama. Mzee Bukuru alikuja akiwa amemshika mkono mjukuu wake, aliyekuwa ameanza kutembea. Hakunisifu. Alimnyanyua, akaniwekea mikononi, akaenda kumsaidia Daktari kushusha masanduku.

Sasa nakujibu, mwanangu. Kasi ni nzuri, nami sikukatazi kuitamani. Mpaka leo naiota ile nyeupe. Lakini kabla hujalipa, nenda kwanza kwa miguu kwenye kila uwanja utakaotua, uende wakati wa mvua, ukanyage. Waulize wanaokusubiri huko wanahitaji uwaletee nini. Ufikirie nani atakaa kiti cha pili, na atakuwa amebeba nini mapajani. Na muuzaji akikuuliza swali, mwambie kweli, hata kama kweli hiyo itakunyima unachokipenda.

Mungu akupe anga nyeupe na macho ya kuona walio chini. Kila utakapopaa, akushushe salama palipo na watu wanaokuhitaji. Amina, mwanangu.